Usalama wa Mgonjwa Katika Tiba ya Saratani: Makosa Hutoka Wapi, na Huzuiwaje

Usalama wa mgonjwa maana yake ni mtu kutibiwa bila kuongezewa dhara ambalo lingeepukika. Kwa mfupa uliovunjika maana hiyo inatosha. Kwa saratani inahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa tiba yenyewe huumiza. Dawa za tibakemikali hushambulia seli zinazogawanyika kwa kasi, na katika kazi hiyo huzikumba pia seli za mizizi ya nywele, za utando wa mdomo na utumbo, na za uboho unaotengeneza damu. Mionzi nayo hupita kwenye ngozi na nyama nzima kabla na baada ya kuufikia uvimbe. Mgonjwa anayenyonyoka nywele, anayetapika au anayetokwa na vidonda mdomoni hajakosewa. Hayo ni madhara yanayotarajiwa, na aliyeandika dozi aliyajua tangu mwanzo. Mgonjwa aliyepewa kwa siku moja dozi ya siku nne amekosewa, ingawa kwa siku za awali anaweza kutapika sawa na jirani yake wodini.

Ndiyo maana mazungumzo ya mitaani kuhusu jambo hili hupotoka kwa pande mbili. Upande mmoja, kila kifo kinachofuata matibabu hubebeshwa dawa: kemo ndiyo iliyommaliza. Kauli hiyo huwachelewesha watu kufika hospitali, na wengine huacha tiba katikati. Upande wa pili, kila kifo hubebeshwa ugonjwa: alikuwa na kansa, ingekuwaje? Kwa suala la usalama kauli hii ya pili ni mbaya zaidi, kwa sababu hufunga mlango wa kuuliza. Dozi iliyokosewa kwa kijana mwenye malaria huzua kelele, lakini kwa mgonjwa wa saratani huweza kuzikwa pamoja naye.

Kuna mambo matatu ya kutenganishwa hapa. Madhara ni gharama inayojulikana na kukubaliwa. Kosa ni tendo lililokwenda kinyume na lilivyokusudiwa. Uzembe ni kupuuza wajibu ambao mhusika anaujua. Sehemu kubwa ya dhara linaloepukika hutokana na makosa, ilhali hasira za umma na sheria nyingi zimeandaliwa kwa ajili ya uzembe. Mabishano yote kuhusu namna ya kuwalinda wagonjwa yanazunguka pengo hilo.

Nafasi finyu kati ya kutibu na kuua

Dawa nyingi za kawaida zina nafasi pana kati ya kiasi kinachoponya na kiasi kinachodhuru. Mtu akimeza kidonge kimoja cha ziada cha amoksilini, aghalabu hakuna kitakachotokea. Dawa za saratani hazina nafasi hiyo. Dozi ya nyingi kati yake hukokotolewa kwa eneo la mwili, linalopatikana kwa urefu na uzito, na mgonjwa wa saratani hupungua uzito kati ya mzunguko mmoja wa dawa na mwingine. Asipopimwa upya, hupewa dozi ya mwili aliokuwa nao miezi miwili nyuma.

Majina nayo hutega. Sisplatini na kaboplatini zinafanana katika sauti na maandishi, lakini kiasi cha kaboplatini kinachovumilika ni kikubwa mara kadhaa kuliko cha sisplatini. Anayezibadilisha anaweza kuua figo na kumaliza uhai. Vinkristini na vinblastini hutofautiana kwa silabi moja tu, na dozi zake ni tofauti. Methotreksati ya vidonge inayopaswa kumezwa mara moja kwa wiki imewahi kumezwa kila siku katika nchi nyingi, kwa sababu mazoea ya mgonjwa, na ya duka la dawa, ni kidonge cha kila siku.

Tatizo jingine ni kumbukumbu. Doksorubisini hudhoofisha moyo kadiri inavyolimbikizwa, kwa hiyo ina kikomo cha maisha yote. Mgonjwa aliyeanzia dawa Mwanza, akaendelea Dar es Salaam, kisha akarudi baada ya miaka mitatu ugonjwa ulipoibuka tena, anahitaji mtu wa kujumlisha dozi zote hizo. Kama faili lilibaki hospitali ya kwanza, daktari wa tatu anakisia. Hapo hakuna aliyezembea, ila taarifa haikusafiri pamoja na mgonjwa.

Mwisho kuna idadi ya mikono. Kati ya kinyama kilichokatwa kwa kipimo na dripu inayoning'inia kuna mtu wa maabara, mpatholojia, daktari bingwa, mfamasia, muuguzi, na kwa upande wa mionzi kuna pia mwanafizikia tiba na fundi mionzi. Kila makabidhiano ni mahali ambapo jina linaweza kubadilika, nukta ya desimali ikahama, au sampuli ya mtu mmoja ikapewa lebo ya mwingine.

Matukio yaliyobadilisha fikra

Maarifa ya sasa kuhusu makosa haya yametokana kwa kiasi kikubwa na ajali chache zilizochunguzwa vizuri na kutangazwa. Ni jambo la kusikitisha lakini ndivyo lilivyo: hospitali zilizokiri ndizo zilizofundisha.

Mwaka 1994 Betsy Lehman, mwandishi wa habari za afya wa gazeti la Boston Globe, alikuwa akitibiwa saratani ya matiti katika Taasisi ya Dana-Farber mjini Boston, moja ya taasisi za saratani zinazoheshimiwa sana duniani. Dozi ya saiklofosfamaidi iliyokusudiwa kugawanywa kwa siku nne alipewa yote kila siku, kwa siku zote nne. Alifariki Desemba mwaka huo. Mgonjwa mwingine alipewa dozi kama hiyo akaharibika moyo. Agizo lilipita kwa madaktari, wafamasia na wauguzi, na hakuna aliyelisimamisha, kwa sehemu kwa sababu utafiti uliokuwa ukiendelea ulitumia dozi kubwa hata tarakimu kubwa haikumshtua mtu. Kosa liligunduliwa Februari 1995, wakati wa kupitia takwimu za utafiti, na aliyeligundua hakuwa daktari.

Mwaka 1996, katika hospitali ya San Juan de Dios mjini San José, Costa Rica, chanzo kipya cha kobalti kilifungwa kwenye mashine ya mionzi. Katika kupima nguvu yake, muda wa dakika 0.3 ulisomwa kama sekunde 30. Dakika 0.3 ni sekunde 18. Kwa kosa hilo la hesabu ya shule ya msingi, wagonjwa 115 walipigwa mionzi iliyozidi kwa zaidi ya nusu ya kiasi kilichokusudiwa, kabla hesabu haijarudiwa. Mashine haikuwa mbovu hata kidogo.

Panama, kati ya Agosti 2000 na Machi 2001, ilikuwa na tukio la aina nyingine. Programu ya kompyuta ya kupangia mionzi iliruhusu vikinga mionzi vinne tu, daktari akataka cha tano, na wafanyakazi wakabuni njia ya kuviingiza vyote kana kwamba ni kimoja. Programu ilipokea data hiyo bila onyo lolote, ikatoa muda wa tiba ulio karibu mara mbili ya uliotakiwa. Wagonjwa 28 waliumia, baadhi wakafa. Na huko Épinal, Ufaransa, wagonjwa 24 wa saratani ya tezi dume walizidishiwa mionzi mwaka 2004 na 2005 baada ya kitengo kubadili mbinu. Programu waliyoitumia haikuwa na mwongozo kwa Kifaransa. Jambo hilo la mwisho lilionekana dogo wakati ule. Katika nchi ambazo mashine karibu zote huja na maandishi ya lugha isiyo ya nyumbani kwa fundi, si dogo.

Kabla ya haya kulikuwa na Therac-25, mashine ya mionzi iliyotengenezwa Kanada. Kati ya mwaka 1985 na 1987 iliwapiga watu sita mionzi ya kupita kiasi huko Marekani na Kanada, na angalau watatu walikufa. Watengenezaji walikuwa wameondoa vizuizi vya chuma na umeme vilivyokuwepo kwenye mashine za awali, wakaiachia programu kazi yote ya kulinda. Mwendeshaji mwenye kasi ya kuchapa aliweza kusahihisha agizo haraka kuliko programu ilivyoweza kufuata.

Mwaka 1999 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa ripoti iliyokadiria kwamba makosa hospitalini yaliua kati ya watu 44,000 na 98,000 kwa mwaka nchini humo. Wataalamu walibishania takwimu hizo, lakini tangu hapo haikuwezekana tena kudai kwamba makosa ni ya watu wachache wabaya.

Hoja ya uwajibikaji

Msimamo wa kwanza, na unaopendwa zaidi na umma, unasema usalama utakuja pale anayekosea atakapowajibishwa. Mgonjwa hana uwezo wa kukagua dozi yake. Kinga yake pekee ni hofu ya mtaalamu kupoteza leseni au uhuru. Msimamo huu una mashiko. Wapo wanaouza dawa za hospitali ya umma, wapo wanaofika kazini wamelewa, na wapo wanaoghushi kumbukumbu. Kwa hao hakuna mjadala wa mfumo.

Udhaifu wake unaonekana unapopelekwa kwenye makosa ya kawaida. Afrika Mashariki ina mifano miwili inayokumbukwa, na japo si ya saratani moja kwa moja, inafaa. Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili walibadilishana upasuaji: aliyekuja kwa ajili ya goti alipasuliwa kichwa, na mwenye uvimbe kichwani alipasuliwa goti. Majina yao ya kwanza yalikuwa sawa. Mwaka 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, mgonjwa alipasuliwa kichwa kisichokuwa na haja ya kupasuliwa baada ya vitambulisho kuchanganywa. Nchi mbili, miaka zaidi ya kumi kati yake, na njia ya kosa ni ileile. Mara zote wahusika walisimamishwa kazi. Kusimamishwa kwao kulimaliza hasira, lakini hakungeweza kubadili namna utambulisho wa mgonjwa unavyofanyika katika hospitali nyingine.

Panama ilikwenda mbali zaidi: wanafizikia wawili walihukumiwa kifungo mwaka 2004. Wachunguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki walikuwa wameonyesha kwamba programu yenyewe ilipokea data isiyo sahihi kimyakimya, maana yake mtu makini katika nchi nyingine yoyote angeweza kufanya vilevile. Athari ya adhabu za namna hiyo kwa walio nje ya kesi inajulikana: muuguzi anayegundua saa tisa usiku kwamba ametundika mfuko wa mgonjwa mwingine anapima kati ya kusema na kunyamaza. Akinyamaza, mgonjwa anakosa tiba ya dharura na hospitali inakosa kujua.

Hoja ya mfumo

Msimamo wa pili unatokana na kazi za mwanasaikolojia Mwingereza James Reason na wenzake, waliosema kwamba binadamu watakosea daima, kwa hiyo kinachowezekana kubadilishwa ni mazingira wanamofanyia kazi. Kosa la mtu wa mwisho kwenye mnyororo huwa ni matokeo ya makosa yaliyolala muda mrefu juu yake: fomu yenye nafasi ndogo ya kuandika, chupa zinazofanana, muuguzi mmoja kwa wagonjwa wengi, zamu isiyo na mfamasia.

Baada ya kifo cha Lehman, Dana-Farber iliweka maagizo ya dawa kwenye kompyuta yenye vikomo vya dozi, ikaimarisha kazi ya wafamasia, na ikaunda baraza la wagonjwa na familia lenye sauti katika uendeshaji. Hili la mwisho halikugharimu mashine yoyote. Ndugu anayemuuguza mgonjwa ndiye pekee anayeona kila zamu, na mara nyingi ndiye wa kwanza kusema kwamba jana dawa hii haikuwa nyekundu.

Hata hivyo hoja ya mfumo ina maradhi yake. Moja ni kwamba mfumo huweza kugeuka kichaka: kila mtu alikosea kidogo, hakuna anayejibu, na familia inabaki na barua ya pole. Jingine ni tabia ya kuongeza fomu. Ukaguzi wa watu wawili, unaoagizwa karibu kila mahali, hufanya kazi tu kama wa pili anakokotoa upya bila kuona jibu la kwanza. Wodini, muuguzi wa pili huitwa kutoka kazi nyingine, hutazama, husaini. Saini mbili zinaonekana kama ulinzi maradufu wakati ni jicho moja lililoaminiwa na watu wawili.

Mashine kama mlinzi

Wapo wanaoona jibu ni teknolojia: maagizo ya kompyuta, misimbo pau kwenye mikanda ya wagonjwa, mashine za kuchanganyia dawa, mashine za kisasa za mionzi zinazojikagua. Pale ambapo umeme, mtandao na mafundi wapo, faida ni ya kweli, hasa kwa hesabu na mwandiko usiosomeka. Therac-25 na Panama zinabaki kuwa onyo kwamba programu inaweza kubeba kosa kwa uaminifu mkubwa na kulirudia kwa kila mgonjwa anayefuata.

Mjadala huu una sura yake ya pekee katika nchi zinazochagua kati ya mashine ya kobalti na ile ya kisasa inayotengeneza mionzi kwa umeme. Kobalti ni rahisi kuendesha na huvumilia umeme dhaifu. Kasoro yake ni kwamba chanzo hupoteza nusu ya nguvu kila baada ya miaka mitano na ushei, hivyo muda wa tiba hurefuka na hesabu lazima zirekebishwe. Pia chanzo chakavu lazima kihifadhiwe kwa usalama kwa miaka mingi. Mashine ya kisasa hulenga vizuri zaidi na huzimwa ikazimika, lakini hudai umeme thabiti, ubaridi, vipuri na wanafizikia wa kutosha. Kwa kuangalia ajali zilizotajwa, hakuna upande ulio salama kwa asili yake: San José ilikuwa kobalti, Épinal ilikuwa mashine ya kisasa. Kinachozitenganisha hospitali ni kama kuna mtu mwingine anayepima dozi bila kutegemea hesabu ya yule wa kwanza. Tangu mwaka 1969, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki na Shirika la Afya Duniani hutuma kwa posta vipimo vidogo ambavyo hospitali huvipiga mionzi na kuvirudisha vikasomwe maabara. Gharama yake haifikii hata sehemu ndogo ya bei ya mashine.

Hoja ya huduma kwanza

Msimamo wa nne hausikiki sana katika vitabu vya Ulaya na Marekani, ila katika Afrika Mashariki ndio mzito. Unasema hivi: dhara kubwa kuliko yote kwa mgonjwa wa saratani ni kutotibiwa, kutibiwa akiwa amechelewa, au tiba kukatika. Kuweka masharti ya juu ya usalama kabla ya kufungua kituo ni kuwaacha watu wafe nje ya geti kwa usalama.

Uganda ilionja jambo hili. Mashine yake pekee ya mionzi, ya kobalti, iliyokuwa katika hospitali ya Mulago tangu mwaka 1995, iliharibika mwaka 2016 isitengenezeke tena, na mashine mpya ilianza kazi rasmi mwaka 2018. Kwa saratani ya shingo ya kizazi, inayoongoza kwa vifo vya saratani kwa wanawake wa eneo hili, tiba ya mionzi inatakiwa kukamilika ndani ya wiki nane. Kila siku inayozidi hapo hupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe kwa kati ya nusu asilimia na asilimia moja. Mashine ikilala wiki mbili kwa kukosa kipuri, hakuna aliyekosea dozi na hakuna fomu ya tukio itakayojazwa, lakini wagonjwa wote waliokuwa katikati ya tiba wamedhuriwa. Orodha za usalama zilizoandikwa katika nchi zenye mashine za akiba hazilihesabu dhara hilo.

Upande wa dawa ni hivyohivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 ulipima dawa za saratani zilizokusanywa Kenya, Ethiopia, Malawi na Kameruni, na karibu sampuli moja kati ya sita haikuwa na kiasi sahihi cha kiambata. Mara nyingi kuziangalia kwa macho na kusoma lebo hakukuonyesha tofauti. Muuguzi anaweza kufuata kila hatua na bado mgonjwa akapata nusu dozi. China, mwaka 2007, ilikuwa na kisa kibaya zaidi: methotreksati na sitarabini za kiwanda kimoja cha Shanghai zilichafuliwa na vinkristini, na wagonjwa zaidi ya 100 waliochomwa dawa hizo kwenye uti wa mgongo walipooza miguu au kuishiwa nguvu.

Jibu la kuvutia zaidi kwa hoja hii limetoka Butaro, kaskazini mwa Rwanda. Kituo cha saratani kilifunguliwa huko mwaka 2012 bila madaktari bingwa wa saratani wa kudumu. Madaktari wa kawaida walitoa dawa kwa kufuata miongozo michache iliyopangwa hatua kwa hatua, wakishauriana na mabingwa wa Boston, wakiwemo wa Dana-Farber ileile. Kituo kilichagua aina za saratani zinazotibika kwa dawa chache na kuziacha nyingine. Wagonjwa wa mionzi walipelekwa nje ya nchi hadi Kigali ilipopata mashine zake mwaka 2019. Huduma ilipanuliwa, na usalama ukatafutwa kwa kupunguza idadi ya mambo yanayoweza kukosewa.

Kisa cha vinkristini kama mizani

Hoja zote nne zinapimika vizuri zaidi kwenye dawa moja. Vinkristini hutokana na mmea wa Madagaska unaopandwa kama ua katika bustani nyingi za pwani. Hutumika kwa leukemia ya watoto na kwa limfoma ambayo daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona Uganda. Huchomwa kwenye mshipa wa damu. Wagonjwa haohao huhitaji methotreksati kwenye majimaji ya uti wa mgongo, na kwa urahisi wa kazi zote mbili zimekuwa zikiandaliwa kwenye mabomba ya sindano na kufikishwa kitandani siku moja. Vinkristini ikiingia kwenye uti wa mgongo huua karibu kila mara, kwa kupooza kunakopanda kutoka miguuni kwa siku au wiki kadhaa.

Januari 2001 huko Nottingham, Uingereza, kijana wa miaka 18 ambaye leukemia yake ilikuwa imetulia alichomwa hivyo mbele ya madaktari wawili. Hospitali ilikuwa na utaratibu wa maandishi, lebo zilikuwepo, na daktari mdogo aliuliza kabla ya kuchoma. Mwaka uliotangulia serikali ilikuwa imetangaza lengo la kutokomeza kosa hilohilo. Daktari mwandamizi aliyesimamia alihukumiwa kifungo. Makosa ya aina hiyo yaliendelea kuripotiwa katika nchi nyingine, na Julai 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari.

Tahadhari hiyo ilipendekeza kitu cha kawaida mno: vinkristini isiwekwe kwenye bomba la sindano kabisa, iwekwe kwenye mfuko mdogo wa dripu. Hakuna daktari anayetundika mfuko na kuuelekeza kwenye sindano ya uti wa mgongo. Umbo lenyewe linamzuia. Utaratibu wa maandishi, lebo na daktari wa pili vyote vilikuwepo Nottingham na vyote vilitegemea mtu kukumbuka. Mfuko hautegemei. Waliopinga walihofu kwamba dawa inayopita kwa dakika kadhaa badala ya moja ingeweza kuvuja nje ya mshipa na kuunguza nyama. Hofu hiyo si ya bure, lakini muuguzi akikaa na mgonjwa na kuukagua mshipa hatari hiyo ni ndogo, na kidonda cha mkono hakilinganishwi na kifo. Mfuko wa maji ya chumvi wa mililita 50 au 100 haugharimu kitu ambacho hospitali yoyote ya rufaa ingeshindwa kukipata.

Hapa ndipo hoja ya mfumo inapozidi nyingine uzito, kwa sharti kwamba mfumo unaozungumzwa ni kizuizi kinachoshikika. Ikiishia kwenye mwongozo na fomu, haina tofauti kubwa na hoja ya kuwaambia watu wawe makini.

Dhara linalotokea nyumbani

Kizuizi cha aina hiyo hakipatikani kila mahali. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi nyingi za tibakemikali, chembe nyeupe za damu hushuka mno, na maambukizi ambayo mtu mwenye afya asingeyahisi huweza kumuua kwa saa chache. Dalili pekee huwa ni homa, joto la nyuzi 38 au zaidi. Kanuni ni antibiotiki ya mshipani ndani ya saa moja tangu mgonjwa afike.

Kwa siku hizo mgonjwa yupo nyumbani. Kwa aliyetibiwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam na kurudi Kigoma au Mtwara, homa usiku huleta fikra ya malaria, dawa ya malaria na panado, na panado hushusha joto na kuficha dalili. Zahanati inampima malaria na kumrudisha. Kifo hiki hakiingii kwenye takwimu za hospitali iliyotoa dawa, na ndugu watasema kemo imemmaliza, kauli ambayo kwa mara hii inakaribia ukweli.

Kinga yake ni ya bei ndogo: kipimajoto cha nyumbani, kadi ya Kiswahili inayosema mwenye kadi hii yuko kwenye tibakemikali na akiwa na homa achomwe antibiotiki kwanza kisha vipimo viendelee, namba ya simu inayopokelewa usiku, na hospitali ya wilaya iliyojulishwa mapema. Katika mpangilio wa matumizi, haya yangetangulia kompyuta na misimbo pau.

Nini kipelekwe wapi

Tanzania na Kenya zote zinasogeza huduma nje ya majiji yao makuu. Mwanza na Moshi zina vituo, na upande wa Kenya vipo Eldoret, Mombasa, Nakuru na Garissa. Safari fupi humaanisha wagonjwa wachache wanaoacha tiba, lakini kila kituo kipya ni chumba kingine cha kuchanganyia dawa na mashine nyingine ya kupimwa, mara nyingi kwa mfamasia mmoja ambaye akienda likizo kazi hufanywa na asiyefundishwa.

Mzozo kati ya usalama na ukaribu hupungua tiba inapogawanywa kwa hatari badala ya kwa ugonjwa. Kuchanganya dawa, sindano za uti wa mgongo na mionzi hudai watu wa kutosha kukaguana, na vinafaa kubaki katika vituo vichache hata kama ni mbali. Kupima damu kabla ya dozi, kutibu homa, kutoa mofini ya maumivu na kufuatilia wanaomeza vidonge vinaweza kufanywa wilayani kesho asubuhi. Taarifa za makosa nazo zinahitaji mikondo miwili iliyotenganishwa kisheria: mmoja wa kujifunza, ambao anayeripoti kwa hiari halindiwi cheo bali hashtakiwi kwa maneno yake mwenyewe, na mwingine wa mabaraza ya kitaaluma na mahakama kwa wizi, ulevi na kughushi. Familia inapaswa kuelezwa kilichotokea katika mikondo yote miwili. Bila maelezo hayo kwa familia, ulinzi wa anayeripoti utaonekana na umma kama hospitali kujificha, na kwa namna historia ilivyokwenda, umma hautakuwa umekosea sana.